Je, Wajua? Habari Mbaya Humfikia Bosi Mwisho

Safu ya leo ni ya kila mwenye watu chini yake: meneja wa benki, msimamizi wa ghala, mkuu wa shule, mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyeajiri vijana watatu. Nimekusanya mambo yaliyotokea angani, hospitalini, viwandani na mashambani. Karibu yote yanarudi palepale: aliye karibu na kazi huliona tatizo likiwa bado changa, na kiongozi hulisikia limeshakomaa. Twende.

Je, wajua kwamba ajali iliyoua watu wengi kuliko zote katika usafiri wa anga ilitokea ndege zote mbili zikiwa chini, uwanjani? Ni tarehe 27 Machi 1977, kisiwani Tenerife. Ukungu ulikuwa umetanda. Ndege ya shirika la KLM ilianza kukimbia ili iruke, ilhali ndege ya Pan Am ilikuwa bado kwenye njia ileile. Walikufa watu 583. Kinachoniuma kila ninapoisoma habari hiyo ni kwamba mhandisi wa ndege ya KLM alikuwa na shaka. Aliuliza kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani. Rubani mkuu akamjibu kwa mkazo kwamba imetoka. Rubani huyo alikuwa mkufunzi mwenye jina kubwa, na picha yake ilitumika kwenye matangazo ya shirika. Mhandisi hakuuliza tena.

Je, wajua kilichofuata? Mwaka 1979 NASA iliitisha warsha kuhusu makosa ya aina hiyo, na mwaka 1981 shirika la United Airlines likaanza kuwafundisha marubani wakuu kusikiliza na wasaidizi wao kusema. Mafunzo hayo leo ni ya lazima kwa marubani wa mashirika makubwa duniani. Kwa ofisi isiyo na ndege, somo lake ni hili: chunguza nani kati ya watu wako anaweza kukuuliza swali mara ya pili baada ya wewe kulijibu mara ya kwanza kwa ukali. Kama hukumbuki hata mmoja, una kazi ya kufanya wiki hii.

Je, wajua kwamba Ifakara, mkoani Morogoro, imeandikwa katika historia ya upasuaji duniani? Kati ya mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha fupi ya mambo 19 ya kuhakikishwa kabla, wakati na baada ya upasuaji. Hospitali nane zilichaguliwa, nazo zilikuwa Toronto, London, Seattle, Auckland, Amman, New Delhi, Manila na Ifakara. Daktari Atul Gawande alikuwa miongoni mwa walioongoza kazi hiyo, na matokeo yalichapishwa Januari 2009. Vifo vya wagonjwa waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakuna dawa mpya wala mashine mpya iliyoletwa kwa ajili hiyo. Ilikuwa karatasi.

Wengi wakiisikia habari hii hukimbilia kutengeneza orodha zao, na si vibaya. Mimi naona uzito uko kwenye mstari mmoja ambao ni rahisi kuuruka: kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Daktari bingwa, mtoa nusukaputi, muuguzi aliyehamia jana, wote. Mtu aliyekwisha kufungua kinywa mara moja mbele ya wakubwa hukifungua mara ya pili kwa urahisi zaidi akiona kitu hakiko sawa. Unaweza kulifanya hilo kwenye kikao cha kwanza cha mradi wowote, na halichukui zaidi ya dakika chache. Anza na dereva na mtunza stoo.

Je, wajua kwamba orodha za marubani zilizaliwa na msiba? Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Dayton, Ohio, ndege mpya ya Boeing iliyokuwa ikijaribiwa na jeshi la Marekani iliruka, ikapanda kwa mwinuko mkali na kuanguka. Haikuwa na ubovu wowote. Marubani, waliokuwa hodari, walisahau kufungua kifungo kinachoshikilia mabawa ya usukani ndege inapokuwa imeegeshwa. Jeshi likaamua kwamba kuanzia hapo hata rubani hodari ataisoma karatasi.

Je, wajua kwamba timu nzuri huripoti makosa mengi kuliko timu mbaya? Mtafiti Amy Edmondson wa Harvard aliligundua hilo miaka ya 1990 akichunguza makosa ya kuwapa wagonjwa dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia wodi zenye uongozi bora ziwe na makosa machache. Takwimu zikamwonyesha kinyume chake. Alipochimba zaidi akaona kwamba wauguzi wa wodi zile hawakukosea zaidi ya wengine, walikuwa wanasema. Kwenye wodi za wakuu wakali, kosa lilifichwa. Kwa hiyo ukipokea ripoti ya mwezi kutoka tawi fulani, na tawi hilo halina tatizo hata moja, usilipongeze kabla hujaenda kuliona.

Je, wajua kwamba Toyota ilitokana na mashine za kufuma vitambaa? Sakichi Toyoda alitengeneza mashine iliyosimama yenyewe uzi mmoja ulipokatika, ili kitambaa kibovu kisiendelee kufumwa. Mwaka 1929 haki ya kutengeneza mashine hiyo iliuzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, na fedha zake zikasaidia kuanzisha utafiti wa magari.

Wazo la mashine kusimama likahamia kwa binadamu. Kwenye viwanda vya Toyota, mfanyakazi wa kawaida kabisa akiona kasoro huvuta kamba iliyo juu yake au hubonyeza kitufe. Kiongozi wa kikundi huja mara moja. Tatizo likitatuliwa kabla gari halijafika mwisho wa kituo kile, kazi inaendelea. Lisipotatuliwa, mstari wote unasimama. Kijana aliyeajiriwa juzi ana mamlaka ya kusimamisha kiwanda.

Je, wajua kwamba wafanyakazi walioitwa wabaya kuliko wote Marekani waligeuka kuwa bora bila kubadilishwa? Kampuni ya General Motors ilikifunga kiwanda chake cha Fremont, California, mwaka 1982. Kulikuwa na ulevi, migomo na utoro. Siku ya kawaida mtu mmoja kati ya watano hakufika kazini. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota, na wengi wa walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani, wakiwa na chama kilekile cha wafanyakazi. Viongozi wa vikundi walipelekwa Japani kujifunza, na ile kamba ikafungwa juu ya vichwa vyao. Baada ya muda mfupi utoro ulishuka hadi asilimia kama 2, na magari yao yakawa yanalingana kwa ubora na ya Japani. Kila ninapomsikia meneja akilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kazi, naikumbuka Fremont.

Taiichi Ohno, mhandisi aliyeujenga mfumo huo, alikuwa akichora duara kwa chaki kwenye sakafu ya kiwanda na kumwambia mhandisi asimame humo, aangalie kazi kwa saa kadhaa. Akirudi humuuliza: umeona nini?

Sasa tuje nyumbani, Kongwa.

Je, wajua kwamba mojawapo ya mifano inayotajwa sana duniani ya mradi ulioshindwa kwa uongozi mbaya ilitokea Dodoma? Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 Frank Samuel wa Kampuni ya United Africa alipendekeza karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine. Ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield ulizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa ya safari ikiwa ya ndege, ukarudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni 3 ndani ya miaka sita. Kwa mwaka wa kwanza lengo lilikuwa ekari 150,000. Hadi mwisho wa 1947 zilizokuwa tayari ni kama 7,500.

Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, yakavunjika. Vifaru vya kijeshi viligeuzwa kuwa matrekta, minyororo ya meli ikaletwa kung'olea vichaka, na mibuyu ikakataa kung'oka. Mvua haikuja ilivyoandikwa kwenye mpango. Na udongo wa Kongwa, wenye mfinyanzi mwingi, ulipokauka ulikaza kiasi kwamba karanga zilizokwisha kukomaa hazikuweza kuchimbuliwa. Uongo wa karatasi ukaonekana pale: zao linalokomaa chini ya ardhi lilipelekwa kwenye ardhi inayogeuka ngumu wakati wa mavuno.

Wagogo waliishi hapo. Walifuga, walilima mtama na uwele, na kwao ukame ulikuwa jambo walilolihesabu katika kila mpango wa maisha. Mtu yeyote aliyeketi nao msimu mmoja angejua kwa nini hawakuwa wamejaza nchi ile karanga. Mradi ulivunjwa Januari 1951, na serikali ya Uingereza ikafuta pauni milioni 36. Reli ya kutoka Mtwara hadi Nachingwea iliyojengwa kwa ajili ya mashamba yake ya kusini iling'olewa baadaye. Bandari ya Mtwara imebaki na inafanya kazi hadi leo.

Napenda kuwakumbusha wakubwa wanaotoka makao makuu kwa ndege ya asubuhi, wakatembelea tawi, wakarudi kwa ndege ya jioni wakiwa na mpango: wiki tisa hazikutosha Kongwa.

Je, wajua kwamba karanga, za Nigeria safari hii, zilizaa kitabu kinachosomwa na mameneja dunia nzima? Mwanauchumi Albert Hirschman alishangaa kuona reli ya Nigeria ikizidi kudorora ingawa malori yalikuwa yakiinyang'anya mzigo, hata karanga zinazosafiri umbali mrefu kutoka kaskazini hadi bandarini, safari ambayo treni ilipaswa kuishinda lori kirahisi. Ushindani ulitakiwa kuiamsha reli. Jibu alilopata ni kwamba wateja wenye sauti kubwa, wale ambao wangepiga kelele mpaka mambo yarekebishwe, ndio waliohama kwanza. Waliobaki walikuwa wanyonge wa kulalamika, na reli, ikiwa mali ya serikali, haikuogopa kupoteza mapato. Kitabu chake, *Exit, Voice, and Loyalty*, kilitoka mwaka 1970.

Kwa hiyo mteja anayekuja na hasira kaunta bado ni wako. Vivyo hivyo mfanyakazi mgumu anayekupinga kikaoni. Siku akinyamaza, muulize mtu wa utumishi kama kuna barua inaandikwa.

Je, wajua kwamba mwaka 1913 kampuni ya Ford iliajiri zaidi ya watu 50,000 ili tu iwe na wafanyakazi kama 14,000? Wengine wote waliondoka, kwa sababu kazi ya mstari ilikuwa ya kuchosha na hakuna aliyewauliza. Januari 1914 Henry Ford alitangaza dola 5 kwa siku, mara mbili ya malipo ya kawaida, na kupunguza saa za kazi hadi nane. Watu wakaacha kuondoka. Hesabu gharama ya kumtafuta mtu mpya, kumfundisha na kuvumilia makosa yake ya miezi ya mwanzo, kisha uiweke kando ya nyongeza aliyoiomba yule wa zamani.

Je, wajua kwamba Tanzania iliwahi kuwa na waraka wa kitaifa unaomkataza bosi kuwa na dharau? Ni Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971. Ibara yake ya 15 ilimtaka kiongozi asiwe na majivuno, asipende makuu, asiwadharau wala kuwaonea watu. Wafanyakazi waliichukua ibara hiyo kwa uzito kuliko viongozi walivyotarajia. Katika miaka iliyofuata viwanda kadhaa viligoma, na mara nyingi dai halikuwa mshahara bali lugha ya matusi na unyanyasaji. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, waliwafungia nje mameneja na kuendelea na uzalishaji wenyewe. Kuna somo la uongozi humo ambalo vyuo vyetu vya biashara havilifundishi vya kutosha: heshima ni sharti la kazi kama zilivyo posho na likizo, na ikikosekana watu huidai.

Haya, sasa haraka haraka, juu ya malengo na adhabu.

Je, wajua kwamba huko Hanoi, mwaka 1902, utawala wa Wafaransa ulilipa fedha kwa kila mkia wa panya? Mikia ikaja kwa maelfu. Baadaye wakaonekana panya wakitembea mjini bila mikia, kwa kuwa watu waliwaachia wakazaane, na wengine walianza kuwafuga.

Je, wajua kwamba faini inaweza kuongeza kuchelewa? Watafiti Uri Gneezy na Aldo Rustichini walizifuatilia shule kumi za chekechea mjini Haifa. Baadhi ziliweka faini kwa wazazi wanaochelewa kuwachukua watoto. Waliochelewa waliongezeka karibu mara mbili, na faini ilipofutwa hawakurudi kwenye uungwana wao wa awali. Kumwacha mwalimu akisubiri kulikuwa aibu. Sasa kulikuwa na bei. Ofisi zinazotoza wachelewaji elfu mbili mlangoni zilitazame hilo.

Je, wajua kwamba benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwataka wafanyakazi wake wauze bidhaa nane kwa kila mteja? Wakafungua mamilioni ya akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Septemba 2016 benki ilitozwa dola milioni 185, na kufikia hapo ilikuwa imeshawafukuza watu wapatao 5,300. Kisha mwaka 2017 mamlaka ya usalama kazini ya Marekani ikaiamuru imrudishe kazini meneja aliyeondolewa baada ya kuripoti udanganyifu alioushuku, na kumlipa dola milioni 5.4. Linganisha na panya wa Hanoi. Kule Marekani kulikuwa na mtu aliyesema mapema, tena kwa njia aliyoelekezwa, naye ndiye aliyeadhibiwa.

Juu ya wingi wa watu: mhandisi wa kilimo wa Kifaransa, Max Ringelmann, alionyesha katika kazi aliyoichapisha mwaka 1913 kwamba watu wanane wakivuta kamba pamoja, kila mmoja hutoa karibu nusu tu ya nguvu anazotoa akivuta peke yake. Na Fred Brooks, aliyesimamia programu kubwa ya kompyuta za IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Hesabu yake ni nyepesi. Watu watano wana njia 10 za kuzungumza wawili wawili. Kumi wana 45. Ishirini wana 190. Kila njia ni mahali ambapo habari inaweza kupotea.

Je, wajua kwamba muuzaji bora mara nyingi huwa msimamizi dhaifu? Watafiti Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichunguza zaidi ya kampuni mia moja za Marekani. Waliona kwamba waliopandishwa cheo kwa sababu ya mauzo yao makubwa walifuatiwa na kushuka kwa mauzo ya watu waliokuwa chini yao. Kampuni ikapoteza muuzaji na isipate kiongozi. Tafuta njia ya kumpa fundi wako hodari mshahara wa meneja bila kumpa ofisi ya meneja. Wengi watakushukuru.

Je, wajua kwamba Google iliwahi kujaribu kuishi bila mameneja? Mwaka 2002 iliwaondoa kwa upande wa wahandisi. Ndani ya miezi michache watu walikuwa wakimfuata mwanzilishi Larry Page kwa maombi ya kurudishiwa gharama na ugomvi baina yao. Baadaye, kuanzia mwaka 2008, kampuni ikachunguza meneja mzuri anafanya nini hasa. Kati ya sifa nane zilizopatikana, ya kwanza ilikuwa kuwalea na kuwanoa watu. Ujuzi wa kiufundi ulikuwa wa mwisho.

Henry Mintzberg wa Kanada naye aliwafuata wakurugenzi watano hatua kwa hatua, akachapisha matokeo mwaka 1973. Nusu ya shughuli zao zilidumu chini ya dakika tisa. Bosi wa kweli hukatizwa siku nzima, na ndiyo maana mtu mwenye habari mbaya na ndefu hukosa mlango. Tenga saa moja ya wiki ambayo ni ya huyo tu.

Je, wajua kwamba M-Pesa ilianza kama njia ya kulipia mikopo midogo? Jaribio la Kenya la mwaka 2005, likiongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone pamoja na Safaricom, lililenga wateja wa taasisi ya mikopo ya Faulu. Wateja wakaanza kuitumia walivyotaka. Walitumiana fedha, walimpelekea ndugu aliye mbali, waliziacha kwenye simu wakisafiri ili wasiibiwe njiani. Timu ingeweza kuwakemea warudi kwenye matumizi yaliyopangwa. Iliwasikiliza, ikaacha mikopo kando, na tarehe 6 Machi 2007 huduma ikazinduliwa kwa kazi ya kutuma fedha. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Wazo lililobadilisha biashara ya Afrika Mashariki lilitoka kwa mteja aliyetumia kitu visivyo, na kwa mameneja waliojali kuuliza kwa nini.

Je, wajua kwamba kusikiliza ni sheria pia? Tanzania, kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri amjulishe mfanyakazi tuhuma zake na ampe muda wa kujiandaa, saa 48 zikichukuliwa kuwa kiwango cha chini, na aruhusiwe kusaidiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Kenya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka mfanyakazi aelezwe sababu na asikilizwe kabla ya kuachishwa, akiwa na mtu wa kumsindikiza. Waajiri wengi hushindwa mbele ya wasuluhishi wakiwa na kosa la wazi mkononi, kwa sababu walifukuza mchana na kutafuta sababu jioni.

Je, wajua mtu mmoja ana nguvu gani kwenye kikao? Miaka ya 1950 Solomon Asch aliwaonyesha watu mistari na kuwauliza upi ni mrefu sawa na mwingine. Jibu lilikuwa wazi. Wengine wote chumbani, waliopangwa, wakataja jibu la uongo. Karibu theluthi ya majibu ya yule asiyejua yalifuata uongo huo. Lakini alipokuwepo hata mwenzake mmoja aliyesema kweli, kufuata kundi kulishuka hadi karibu robo ya kulivyokuwa. Kwa hiyo mlinde yule mmoja.

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986 kampuni ya Morton Thiokol, mtengenezaji wa roketi, haikumlinda. Wahandisi wake, akiwemo Roger Boisjoly, walipinga chombo cha anga cha Challenger kurushwa kwenye baridi kali, wakijua mipira ya kuzibia maungio ya roketi hukakamaa. Mameneja walikutana pembeni, wakabatilisha ushauri huo. Chombo kilivunjika sekunde 73 baada ya kuruka. Walikufa saba.

Je, wajua kwamba katika mahakama kuu ya kale ya Wayahudi, kesi ikiwa ya adhabu ya kifo, waamuzi wadogo walitoa maoni kwanza? Ilikuwa ili wasije wakaona haya kumpinga mkubwa aliyekwisha kusema. Na Jeff Bezos alipopiga marufuku slaidi kwenye vikao vya wakuu wa Amazon mwaka 2004, alitaka maelezo ya kurasa zisizozidi sita yasomwe na wote kimya mwanzoni mwa kikao, kisha ndipo wazungumze. Njia zote mbili zinamzuia mwenye sauti nene asiukamate mjadala kabla haujaanza.

Je, wajua kwamba mtawa aliwahi kumfundisha kazi mkuu wa kampuni kubwa ya alumini? Paul O'Neill alipochukua uongozi wa Alcoa mwaka 1987 aliwaambia wawekezaji kwamba lengo lake la kwanza ni usalama wa wafanyakazi. Wengine walidhani amechanganyikiwa. Aliwapa wafanyakazi namba yake ya simu ya nyumbani. Majeraha ya kumkosesha mtu kazi yalishuka kutoka 1.86 kwa kila wafanyakazi 100 kwa mwaka hadi 0.2, na faida ikapanda mara kadhaa. Hata yeye alifichwa. Mwaka 1996, kwenye mkutano wa wanahisa, mtawa wa Kibenedikto alisimama akasema wafanyakazi wa kiwanda chao kimoja huko Mexico wamedhurika na hewa chafu. O'Neill alikana. Kisha akatuma watu, wakakuta ni kweli: wafanyakazi walikuwa wamepelekwa hospitali, tatizo likarekebishwa palepale, na makao makuu hayakuambiwa. Mkuu wa kitengo hicho, mtu mwenye matokeo mazuri ya biashara, aliachishwa kazi kwa kunyamaza.

Je, wajua, mwisho, kwamba kuna njia ya kupata habari mbaya kabla haijatokea? Mwanasaikolojia Gary Klein aliieleza mwaka 2007. Mpango ukiwa tayari, kabla ya kuupitisha, kiongozi anasema: tuseme ni mwakani wakati kama huu, tawi letu jipya la Kahama limefungwa, fedha zimepotea. Nini kililiua? Kila mtu anaandika peke yake kwa dakika chache. Kuona kasoro kunakuwa ndiyo kazi waliyopewa, na hakuna anayeonekana mpinzani. Ongeza utaratibu wa wale waamuzi wa kale: anayesoma kwanza awe aliyeajiriwa mwisho, mkurugenzi asome wa mwisho, na kila sababu iliyotajwa na zaidi ya mmoja ipewe mtu wa kuishughulikia kabla hundi haijasainiwa.